Mwalimu Aliyesoma Vidole vya Miguu

Nilimsikia kabla ya kumwona. Ilikuwa sauti ya kitu kikavu kikiburutwa juu ya jiwe, polepole, kikasita, kikaburutwa tena. Ilitoka nyuma ya darasa, upande wa bondeni, na ukungu wa Werugha ulikuwa umeziba madirisha hata mti wa kengele haukuonekana. Tulikuwa watoto wa darasa la sita, bila mwalimu tangu muhula uanze, na kelele zetu zilikatika zote kwa pamoja. Krrr. Kimya. Krrr. Kila mmoja wetu alijua ni kitu gani kinachoburutwa, na hakuna aliyethubutu kukitaja. Wakati ule, miaka michache baada ya uhuru, hakukuwa na mtoto milimani kwetu asiyejua kwamba kwenye miamba ya juu kuna mapango, na ndani ya mapango mna mafuvu ya wazee wetu, yamepangwa kwa mstari, yakitazama nje.

Mwakio, aliyekaa mbele yangu, alijikojolea.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu lililolowa mabegani. Mkono wa kulia alishika nusu ya kibuyu, wa kushoto penseli. Hakutusalimu. Alitazama sakafu chini ya dawati la Mwakio, akatazama kibuyu chake, akaandika kitu katika kijitabu.

"Basi ni kibuyu," alisema. "Juzi nilijaribu chungu, jana pembe. Hamkugeuka. Wewe, jina lako nani?"

"Mwakio, Mwalimu."

"Mwakio, kalete tambara upanguse. Halafu uje uniambie ile sauti uliisikia wapi. Si masikioni. Mwilini, wapi?"

Huyo ndiye aliyeandika kitabu ambacho watoto wa nchi hii wamekisoma miaka mingi sasa, miguu wameivutia chini ya blanketi. Mchapishaji ameniomba nieleze kilivyotengenezwa, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwepo kweli. Nimejaribu kuandika kurasa za heshima na nimeshindwa, kwa hiyo naandika hizi. Alikozaliwa na ukoo wake sikuviuliza. Kwangu mimi alianza asubuhi ile, na kibuyu mkononi.

*

Kitabu kiliandikwa siku za Ijumaa. Siku nyingine alitufundisha hesabu na jiografia kama walimu wengine, kwa uvivu, akitazama dirishani. Ijumaa saa nane alifunga mlango, akaagiza tuinue miguu na kuiweka juu ya ubao wa mbele wa dawati, akatoa karatasi mfukoni, akasoma.

Hakusoma kwa sauti ya kutisha. Alisoma kama karani wa stesheni anayetangaza saa za garimoshi. Jitu halikunguruma, upepo haukuvuma. Alisema tu: mtoto aliingia jikoni, mama yake alikuwa amempa mgongo, mtoto akamwita, mama akaitikia kutoka nje. Kisha akatazama miguu yetu.

Tulikuwa pekupeku, karibu wote. Ilituchukua wiki kadhaa kuelewa kwamba hasomi nyuso zetu. "Uso unafundishwa kudanganya nyumbani na kanisani," alituambia baadaye. "Vidole vya miguu havijafundishwa na mtu." Pale vidole vilipojikunja, aliweka alama ndogo ya penseli pembeni mwa sentensi. Pale vilipobaki vimelala, alikata sentensi nzima mbele yetu kwa mstari mmoja, bila huruma, hata kama ilikuwa nzuri. Nilimwona akikata sentensi ambazo leo ningefurahi kuzaliwa nazo.

Tukajifunza kumwadhibu. Ijumaa moja darasa zima tulipatana kukaza miguu kama vijiti, tusimpe hata kidole kimoja. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna kilichosogea. Alikunja karatasi, akatutazama kwa mara ya kwanza usoni, akasema kwa upole kabisa, "Mghoi, mama yako aliniambia jana kwamba hajisikii vizuri. Umemwona asubuhi?" Mghoi alipiga kelele na kukimbilia mlangoni. Mama yake alikuwa mzima, akipalilia kabichi. Mwalimu aliandika katika kijitabu chake kwa muda mrefu.

Jioni mama yake Mghoi alikuja shuleni na jembe begani.

"Mwalimu, umeniombea ugonjwa?"

"Mama, nimekuombea mtoto anayekupenda. Sasa unajua anakupenda kiasi gani. Wengine huzeeka hawajajua."

Yule mama alisimama pale, jembe likiwa bado begani, akakosa pa kulipeleka. Wiki iliyofuata alimletea mwalimu maziwa.

*

Kiboko chake hakikuwa cha wapiga kelele. Ungeweza kulala darasani, ungeweza kupigana, asikuguse. Alichapa maneno. Aliyeandika katika insha yake "giza totoro" alipata viboko viwili, na kila kiboko kilikuja na swali.

"Totoro umelitoa wapi? Umelinunua sokoni Mwatate?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umewahi kuliona hilo totoro? Lina rangi gani? Kwenu giza linaanzia wapi?"

"Chini ya kitanda, Mwalimu."

"Basi kwa nini umelificha hilo la chini ya kitanda, ukaniletea la watu?"

Ndivyo tulivyofundishwa kuandika. Sijui mwalimu mwingine aliyefundisha vizuri zaidi, na sijui mwingine ambaye wanafunzi wake, wakiwa na watoto wao sasa, bado hufumba kiganja wakisikia neno lililochakaa. Alisema mtoto haogopi jitu, humwogopa mtu anayemjua akibadilika kidogo tu. Alisema machozi ya mwandishi hulowesha karatasi. Alipotaka kumsifu mtu alisema, "Hapa hukudanganya," na akampita. Nilimsikia akiyasema maneno hayo mara tatu katika mwaka mzima. Mara moja alikuwa akiniambia mimi.

Naye mwenyewe alikuwa mwoga. Hili halikuandikwa popote. Njia ya kutoka shuleni hadi nyumba yake ilipita chini ya mwamba mkubwa, na hakuipita peke yake hata siku moja. Alingoja hadi watoto wa upande ule waende, akatembea katikati yao, akiwauliza hesabu za kuzidisha mpaka mwamba uishe. Aliogopa pia jogoo. Jogoo akiingia uani mwa shule mwalimu alipanda juu ya kiti na kuita mtu. Tulicheka, naye alituacha tucheke. "Chekeni," alisema. "Mimi nikiogopa najua ninaogopa nini. Nyinyi bado."

Mwakio aliugua homa ya mapafu katika muhula wa pili. Mvua ilikuwa imekata barabara na hakukuwa na gari. Mwalimu alimbeba mgongoni kutoka kwao hadi hospitali, mwendo wa nusu siku katika matope, akimsimulia vichekesho njia nzima asilale. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu angekufa. Mwakio, ambaye sasa ni fundi wa reli, hasikii neno baya juu ya mwalimu. "Wewe hujui mgongo ule," huniambia.

Nami najua Ijumaa iliyofuata ilileta nini. Mwalimu alitusomea sura mpya: mtoto mgonjwa amebebwa mgongoni na baba yake gizani, ameegemeza shavu shingoni mwa baba, na kadiri wanavyokwenda ndivyo ile shingo inavyozidi kuwa baridi. Mwakio ndiye aliyekuwa amemwambia maneno hayo, kwa homa, njiani: Mwalimu, shingo yako ni baridi. Vidole vya darasa zima vilijikunja. Alama ya penseli iliwekwa. Mpaka leo siwezi kusema ni kipi kilichotangulia kichwani mwake asubuhi ile ya matope, mtoto au sura.

*

Mwishoni mwa mwaka alitupa insha ya mwisho. Ubaoni aliandika: Kitu Ninachokiogopa. Akaongeza kwa mdomo, "Atakayeandika simba nitampeleka Tsavo akaishi naye."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba yetu ilikuwa nyumba iliyookoka, yenye kalenda ya kanisa ukutani, na mambo ya zamani hayakutajwa mezani. Lakini nyanya yangu, mama yake baba, aliishi kibanda cha pili juu ya shamba, na mwaka ule alikuwa amenichukua mara moja, mchana, kwenda kule miambani. Alisema anakwenda kumsalimu mume wake. Alibeba kibuyu kidogo cha pombe ya miwa. Ilikuwa kazi ya wanaume, kuwatazama wazee waliotolewa kaburini na kuwekwa pangoni, lakini wanaume wote wa ukoo wetu walikuwa wameokoka, na nyanya alikuwa amebaki peke yake.

Niliandika nilichokiona. Kwamba babu alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Kwamba nyanya alichuchumaa mbele yake, akajaza kinywa, mashavu yakavimba, uso wake ukawa si uso wake. Kwamba alitema ile pombe kwa mnyunyizo, ikalifunika fuvu, akataja jina la baba yangu, akatema tena, akataja jina la ami yangu, akatema tena. Niliandika kwamba naogopa mdomo wa nyanya yangu. Niliandika: sasa akinywa chai mimi hutoka nje, nisione mashavu yake yakijaa.

Sikujua nilichokuwa nimekiona. Mtoto yeyote wa nyumba ambayo haikuokoka angejua. Kwetu mzee akimkasirikia mtu wake, hasira ile haikai bure, huweza kumletea maradhi yule aliyekasirikiwa hata kama mzee mwenyewe hapendi. Kwa hiyo huitoa. Hujaza kinywa pombe au maji, huyanyunyiza, na kwa kila mnyunyizo huomba: uchungu utoke, huyu apone, mvua ije. Huitwa kutasa. Nyanya alikuwa amewakasirikia wanawe kwa kumwacha baba yao pangoni bila hata salamu. Alikwenda kule kuitema hasira hiyo isije ikawaua. Alikuwa akimkinga baba yangu. Mimi niliona laana, kwa sababu nyumbani kwetu baraka ya namna ile hatukuwahi kuonyeshwa.

Mwalimu alisoma insha yangu amesimama kando ya dawati langu. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Hapa hukudanganya," alisema. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu: hakunirudishia daftari. "Hili nitakaa nalo, Wakesho."

Niliruka njia nzima ya kwenda nyumbani. Nilipita kwenye kibanda cha nyanya, nikamkumbatia, akaniuliza nimeokota nini.

*

Kitabu kilitoka tukiwa tumemaliza shule ya msingi. Sanduku la kwanza lilikuja Werugha, kwa heshima ya shule yetu, na kila nyumba yenye mtoto ikapata nakala. Nilifungua sura ya saba. Mwanamke mzee anakwenda pangoni, anajaza kinywa, analitemea fuvu, na kila jina analolitaja mwenye jina hafiki asubuhi. Msanii wa Nairobi alikuwa amemchora akiwa na mashavu yamevimba na shuka yenye mistari mitatu upindoni. Shuka ya nyanya yangu ilikuwa na mistari mitatu. Hilo nalo nilikuwa nimeliandika.

Katika kijiji chetu hakukuwa na ajuza mwingine aliyekuwa bado anapanda miambani. Haikuchukua wiki.

Walianza watoto wadogo, penye mfereji. Walijaza maji vinywani, wakamngoja akifika na mtungi wake, wakamtemea wote pamoja, wakakimbia. "Tema, bibi! Taja jina langu! Tema!" Alidhani ni mchezo mpya wa shule. Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya tatu mama mmoja alimvuta mwanawe kutoka njiani nyanya alipopita, akamfunika macho, na nyanya akaelewa kwamba si mchezo.

Kisha ikafika kanisani. Baba yangu aliulizwa mbele ya wazee wenzake kama ni kweli kwamba baba yake bado yuko pangoni na mama yake humpelekea pombe. Alikuwa mtu mwaminifu, hakukana. Jumamosi walikwenda wanaume wanne na gunia, yeye mbele. Walilizika fuvu la babu mahali fulani, bila jiwe, bila kumwambia nyanya ni wapi, ili asipate pa kwenda. Waliporudi nyanya alikuwa amesimama kwenye njia.

"Mmemlaza ameelekea wapi?" alimuuliza baba.

"Mama, amepumzika."

"Nimeuliza ameelekea wapi."

Baba alipita na gunia tupu. Nami nilikuwa mlangoni, nimeshika ufagio, nikafagia palipokuwa pamekwisha fagiwa.

Tangu hapo nyanya hakutasa tena. Si pombe wala maji, si nyumbani wala shambani. Watoto walikuwa wakiutazama mdomo wake. Akiwa na watu alikunywa kwa kugeukia ukuta. Nilimwona siku moja, jirani alipomtukana mbele ya ghala, akiinua kata ya maji, akijaza kinywa, akitazama huku na huku. Aliona vichwa viwili vya watoto juu ya ua. Akameza.

Siku moja tulipokuwa tukichambua maharage aliniuliza, bila kuinua macho, "Nani alimwambia yule mwalimu?"

"Sijui, nyanya."

"Alikuwa karibu. Ameandika hata lile jiwe nililokalia."

"Sijui."

Aliendelea kuchambua. "Nataka aje tu," alisema. "Hasira yake ninayo hapa, nzito, na mimi ni mzee. Aje nimtolee kabla sijafa. Nikifa nayo itamla yeye, na mimi simjui nimwombee."

Nafasi ya kukiri ilikuwa mbele yangu, ya kunyoosha mkono tu. Niliyahesabu maharage yaliyooza, nikayatupa. Alikufa mvua za mwaka uliofuata. Walimzika kikristo, karibu na njia, na mtoto mmoja pale mazishini alijaza kinywa maji, akapigwa kofi na mama yake.

*

Kwa hiyo niliposikia kwamba kitabu kinachapwa upya, na kwamba mara hii kitaingia katika shule zote, nilitelemka Voi kumtafuta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimechapisha vitabu viwili, na kila aliyevisifu alisifu jambo ambalo mwalimu alinifundisha. Nilitaka kitu kimoja tu kwake: sura ya saba itoke, au isahihishwe, ili watoto wa nchi nzima wasiendelee kumtemea nyanya yangu.

Alikuwa amestaafu na kupanga nyumba ya matofali nyuma ya stesheni. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia hadi kwenye mikunjo ya pazia. Aliketi miguu ikiwa ndani ya beseni la maji, imevimba, na juu ya meza palikuwa na kurasa za majaribio kutoka kwa mchapishaji, zimefungwa kwa kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Wakesho. Darasa la sita, Werugha."

"Yule wa mdomo wa nyanya." Alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Keti. Umekonda. Waandishi wote wa siku hizi mmekonda, mnafikiri ni lazima."

Niliketi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Mwatate, na yote yalitoka kwa mpigo mmoja. Nilimwambia juu ya mfereji, gunia, maji yaliyomezwa. Nilimwambia kutasa ni nini, kwamba nyanya hakuwa akilaani, alikuwa akiwaombea wanawe, kwamba nilikuwa mtoto na nilikosea, naye akalichapisha kosa langu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitoa mguu mmoja katika maji, akaukausha kwa taratibu.

"Unadhani mimi nilizaliwa Ulaya?" aliuliza. "Mama yangu alitasa kila mwaka mpaka alipokufa. Alinitasia mimi siku naenda chuo cha ualimu, shati langu lote likalowa pombe, nikaenda nikinuka."

"Ulijua?"

"Nilipofika mstari wa pili wa insha yako nilijua."

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Ningekuambia ungeifuta." Aliukausha mguu wa pili. "Na baraka haimtishi mtoto, Wakesho. Ningeandika bibi anawaombea wanawe, nani angesoma? Baba yako?"

Nilisema kwamba nyanya alikufa na hasira kinywani. Alisema anajua, alisikia, alisikitika, na alisema hivyo kwa sauti ile ile ya karani wa stesheni. Kisha akafungua kamba ya zile kurasa, akatafuta sura ya saba, akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Zinarudi Nairobi kwa garimoshi la leo. Kata. Sura nzima ukitaka, au andika upya, useme ni baraka. Nitatia sahihi chini, watanisikiliza. Sikutanii, mwanangu. Mimi nimechoka na kitabu hiki, na wewe una haki nacho kuliko mimi."

Akageuza kiti chake, akanipa mgongo ili nisione haya.

Nilishika kalamu. Nataka ieleweke kwamba nilikuwa nimekwenda kukata. Nilianza kusoma ili nijue mstari uanzie wapi. Sikuwa nimeisoma sura ile tangu utotoni. Niliona jinsi alivyolichukua neno langu la kitoto na kuliacha lilivyo. Niliona pale alipovuta pumzi. Ilikuwa imeandikwa vizuri hata nikasahau kunywa maji niliyowekewa. Kisha nikafika kwenye mnyunyizo wa mwisho. Mwanamke anageuka kumtazama mtoto, na hapo, mahali penyewe, mwalimu alikuwa ameweka bundi. Bundi alilia mara tatu.

Lilikuwa kosa. Bundi alikuwa wa kununua. Mtu mwingine asingeligundua, lakini mimi nilikuwepo na sikusikia bundi. Katika insha yangu niliacha jambo moja nje, nililoliona dogo, au nililotaka libaki langu. Matone ya pombe yalikuwa yameniangukia usoni. Nyanya alipomaliza na babu alinijia, akashika upindo wa shuka, akanifuta shavu la kulia, akanifuta la kushoto, akanitabasamia, meno yake machache yakiwa yamelowa, akaniambia, "Basi, sasa ni wewe tu."

Maana yake ilikuwa: tumemaliza, twende nyumbani, nimebaki nawe tu. Nilijua hivyo nikiwa nimeketi pale Voi. Nilijua pia maneno yale yangekuwa tishio gani yakiwekwa mahali pa bundi.

Nikamkata bundi. Nikaandika upindo wa shuka, shavu la kulia, shavu la kushoto, meno yaliyolowa, na yale maneno matano. Nilikuwa na furaha, ile ile ya kuruka njia nzima. Nilipoinua kichwa mwalimu alikuwa amegeuka na alikuwa akinitazama.

Alichukua ukurasa. Alisoma mara moja, akarudi mwanzo.

"Hili lilikuwa wapi wakati ule?"

"Sikuliandika."

"Ulimfichia nyanya yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alizikusanya kurasa, akazigongesha mezani zilingane, akazifunga kamba. Alitia sahihi yake juu ya bahasha. Nilingoja aseme lile alilowahi kuniambia. Hakulisema. Aliniuliza kama nina nauli ya kurudi, nikasema ninayo. Alisimama kwa shida, peku, akaacha nyayo za maji sakafuni hadi mlangoni, akanifungulia. Jua la Voi lilinipiga usoni. Niligeuka nimwombe anirudishie ule ukurasa, dakika moja tu. Alikuwa tayari amefunga mlango, nikasikia komeo likisukumwa upande wa ndani.